Mwongozo kamili wa kuishi kwa sarakasi za minadani: kutoka kibali hadi mgao

Vijana wanaonipigia simu huniambia jambo lilelile: "Kaka, watu walijaa, makofi yalipigwa, lakini kapuni tumekuta elfu sita." Sarakasi wanaijua. Wengine wanaruka vizuri kuliko nilivyowahi kuruka mimi. Kinachowashinda ni kazi inayoizunguka ile michezo: kuchagua siku na saa, kujenga duara, kuomba fedha kwa wakati wake, na kuigawa bila kugombana.

Nimezunguka minada ya Dodoma, Singida na Shinyanga kwa miaka tisa na kikundi cha watu watano. Haya ninayoandika yanafaa kikundi cha ukubwa huo. Anayefanya mazingaombwe au kupiga ngoma peke yake atafuata hatua hizihizi, apunguze tu hesabu.

Soma yote kabla ya kupanda basi. Ukiruka hatua ya 2 au ya 6, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuandaa

- Ngoma moja kubwa na filimbi. Spika huisha chaji, na kipaza sauti kinahitaji mazungumzo marefu zaidi na wenye mnada. Ngoma inasikika hadi zizini bila umeme.
- Magodoro mawili ya sifongo yaliyoshonewa turubai juu, yenye kamba za kubebea mgongoni.
- Viti vinne vya chuma au mbao ngumu kwa ajili ya mnara. Vya plastiki hupasuka miguu bila kutoa taarifa.
- Majivu au chokaa, kilo mbili hivi, ya kuchorea duara.
- Sare ya rangi moja. Fulana tano za mtumba zilizotiwa rangi pamoja zinatosha.
- Vikapu viwili vyenye mdomo mpana. Mtu anapenda kuona alichotoa kimeangukia wapi.
- Kibao chenye lipa namba, maandishi makubwa yanayosomeka kwa hatua kumi.
- Bandeji za kukaza, pamba, dawa ya vidonda, na vipande viwili vya ubao vya kufungia mkono au mguu ukivunjika.
- Daftari, kalamu, na mfuko wa nailoni wa kuhifadhia vibali.
- Nauli ya kurudi ya watu wote, imefungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kwa mmoja wenu. Haiguswi hata kwa chai.

Bahasha hiyo ndiyo inayowaokoa. Kikundi kisicho na nauli ya kurudi kinaonyesha kwa hofu, na watazamaji wanaiona hofu hiyo usoni.

## Hatua ya 1: Panga mzunguko kwa kufuata mavuno

Fedha ya kijijini ina msimu. Mikoa ya kati ina mvua za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi hiyo watu wako mashambani, na walichokuwa nacho kimeishia kwenye mbegu na vibarua. Ukienda Januari utapata watoto na makofi.

Kuanzia Mei mambo hubadilika. Alizeti inavunwa Singida na Dodoma, ununuzi wa pamba unafunguliwa Simiyu na Shinyanga, na mpunga unatoka. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya kutoka. Katikati yake kuna Nane Nane, ambapo viwanja kama Nzuguni, Dodoma, na Nyakabindi, Simiyu, hujaa kwa wiki nzima ya kwanza ya Agosti. Wenye nguvu ya kufika kusini wanaweza kusogea Mtwara na Lindi kuanzia Oktoba, korosho inapoanza kuuzwa.

Sasa tafuta ratiba za minada. Mingine ni ya kila wiki siku maalumu, mingine ni ya tarehe maalumu za mwezi. Usitegemee ulichosikia mwaka jana, kwa sababu siku hubadilishwa. Mpigie mwenye gari la mizigo au mfanyabiashara wa mitumba, kwani hao ndio wanaoishi kwa ratiba hiyo.

Chagua minada mitatu au minne iliyo kwenye barabara moja. Vijana wengi huchagua minada mikubwa iliyotawanyika, wakaacha kipato chote kwa makondakta. Na usirudi mnada uleule kabla ya wiki tano au sita. Mtu aliyeona mnara wa viti Jumamosi hatalipia mnara huohuo Jumamosi inayofuata.

Utajua ratiba imekaa sawa ukiweza kuiandika kwenye ukurasa mmoja, na nauli kati ya kituo na kituo haizidi bei ya sahani mbili za chakula kwa kila mtu.

## Hatua ya 2: Vibali kwanza, ngoma baadaye

Sajili kikundi BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1984. Zanzibar ina baraza lake, kwa hiyo anayekwenda visiwani aulizie huko. Cheti hicho hakikupi ruhusa ya kuonyesha popote upendapo. Kinakupa heshima ya kusikilizwa mezani.

Ruhusa ya mahali inatoka mahali. Siku moja kabla ya mnada nenda kwa mtendaji wa kijiji au wa kata. Minada mingi iko chini ya halmashauri, kwa hiyo muulize nani anasimamia ushuru siku hiyo, ulipe, udai risiti. Kwa kuwa unakusanya watu, pita pia kituo cha polisi cha karibu ukatoe taarifa. Afisa utamaduni wa wilaya akikuandikia barua ya utambulisho, barua hiyo itakufungulia milango wilaya nzima.

Nenda na mtu mzima kuliko wote kikundini, amevaa shati, si sare ya sarakasi. Aanze na shikamoo na habari za mvua, aeleze mnatoka wapi, mko wangapi, mtaanza saa ngapi na mtamaliza saa ngapi. Viongozi wengi wanakataa kwa sababu ya hofu ya fujo, na anayetaja saa ya kumaliza anaiondoa hofu hiyo nusu.

Tahadhari tatu. Usichukue mtoto wa umri wa shule kikundini, hata akiruka kama paka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za kumnyonya mtoto, na zaidi ya sheria, unamwibia masomo yake. Usitumie nyoka wala mnyama mwingine wa porini bila kibali cha maliasili. Na usipige ngoma wakati wa adhana, wala karibu na msiba.

## Hatua ya 3: Chagua saa na ardhi

Hapa wengi hupoteza siku nzima. Wanafika saa mbili asubuhi, wanaona watu wameshajaa, wanaanza. Lakini asubuhi mtu ana ng'ombe, hana fedha. Kuanzia saa saba mchana ameshauza, ameshakula, na anatafuta cha kutazama kabla ya gari la kurudi. Saa nane hadi saa kumi ndiyo saa yako. Baada ya hapo waliolewa wanaanza kuingia uwanjani, na mtu aliyelewa akiegemea mnara wa viti hutamsahau maisha.

Simama kando ya njia inayotoka mnadani kwenda kwenye nyama choma na magari. Usisimame mbele ya meza ya mfanyabiashara. Umati wako utaficha bidhaa zake, na ana haki ya kukufukuza. Kama hakuna nafasi nyingine, zungumza naye kabla. Mimi huwaomba wauza soda wasogee karibu nasi, na hakuna aliyewahi kukataa.

Angalia jua. Alasiri liko magharibi, kwa hiyo wazee wakae upande huo, migongo yao iwe kwenye jua. Anayepanda juu ya mnara aelekee kaskazini au kusini asipofuke macho akiwa hewani.

Kisha safisha ardhi kwa miguu mitupu. Watu wote watano mtembee bega kwa bega, kutoka ukingo hadi ukingo, mara mbili, mkiokota miiba, vizibo, misumari na chupa. Mwaka wetu wa tatu tulifanya mara moja tu kwa kuwa tulichelewa. Mwenzangu akaruka, akatua vizuri, lakini kisigino kikakanyaga gunzi la hindi lililofunikwa na vumbi. Gunzi likabiringika, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono kilivunjika. Matibabu yalikula kipato cha wiki tatu za watu wote, naye hakuruka tena hadi msimu ulipoisha. Gunzi la hindi!

Mwagia maji kidogo pale pa kutua ili vumbi litulie, usilowanishe. Pasheni viungo moto dakika kumi na tano nyuma ya gari au mti, mbali na macho ya watu.

Kuhusu moto, msimamo wangu ni huu: kikundi kichanga kiachane nao. Kiangazi majani na vibanda vya makuti vinashika haraka, na kupuliza mafuta ya taa kwa mdomo kunaweza kuyapeleka kwenye mapafu. Mnara wa viti unalipa vilevile.

## Hatua ya 4: Jenga duara

Ngoma ikianza, mmoja wenu achukue majivu achore duara taratibu, akiwa makini kama fundi anayepima msingi wa nyumba, asimwangalie mtu. Watu watasogea kuuliza anachora nini. Msiwajibu. Anayeuliza ameshasimama.

Duara la kwanza liwe na upana wa hatua nane tu. Vijana hupenda kulichora kubwa ili waruke kwa raha, halafu watu thelathini wanaonekana kama watu saba. Kwenye duara dogo watu hugusana mabega, na anayepita mbali anaona migongo imebanana, anataka kujua kuna nini. Mkifika watu mia, lifuteni kwa mguu mchore jipya la hatua kumi na mbili.

Watoto hufika kwanza. Msiwafukuze, maana ndio wanaomleta mtu mzima. Waketisheni chini, vidole vya miguu nyuma ya mstari, safu moja au mbili. Mmoja wenu kazi yake iwe watoto tu mpaka mwisho. Nyuma yao wachuchumae vijana, na nyuma ya vijana wasimame watu wazima. Mkiacha watoto wasimame, mtu mzima mwenye fedha ataona visogo, ataondoka.

Mtu mmoja wa kikundi akae nje ya duara, nyuma ya umati, bila sare. Wezi wa mifukoni hufuata umati wako, na mtu akiibiwa hapo lawama ni zenu. Usitangaze "shikeni mifuko yenu", kwa sababu kila atakayejipapasa atakuwa amemwonyesha mwizi fedha ilipo. Yule wa nje akiona mkono usioeleweka, apige filimbi, na ngoma inyamaze. Inatosha.

Utajua duara limekaa pale utakapoona watu wa nyuma wanasimama juu ya matofali na matela ya baiskeli ili waone. Hapo anzeni.

## Hatua ya 5: Panga michezo

Onyesho zima lisizidi dakika thelathini. Mpangilio wetu, baada ya kukosea sana, ni huu:

1. Mchezo wa pili kwa uzuri kati ya yote mliyo nayo. Unawaambia watu kwamba hawakukosea kusimama.
2. Kurusha na kudaka vitu, au kukunja viungo. Michezo ya karibu, mtu aone jasho.
3. Kichekesho na mtu wa palepale. Mchague kijana anayecheka, siyo anayejificha, na umwombe, usimvute mkono. Msimguse mwanamke wala kumpandisha mtu mzima juu. Atakayerudi kwenye safu yake amefurahi ataleta ndugu zake mwezi ujao.
4. Mnara wa watu, ngazi mbili.
5. Kuandaa mnara wa viti, lakini bila kuupanda.

Namba tano ndiyo bawaba ya kazi yote. Viti vinapangwa kimoja juu ya kingine, polepole, kila mmoja anaona. Magodoro yanawekwa. Anayepanda anafuta nyayo zake kwa kitambaa. Wadakaji wawili wanasimama mahali pao. Ngoma inapungua mpaka inasikika kama mapigo ya moyo. Kisha inanyamaza.

## Hatua ya 6: Omba fedha

Vikundi vingi huonyesha mchezo mkubwa, vinainama, ndipo vinatoa kapu. Hebu jiweke mahali pa mtazamaji: umeshaona mwisho, gari linapiga honi, mkeo anakuita. Utatoa nini? Ombeni kabla ya mchezo mkubwa, na tena mara tu baada yake.

Azungumze mtu mmoja, yuleyule siku zote, kwa sauti ya kawaida. Maneno yangu huwa hivi:

"Wazazi wangu, shikamooni. Hapa hakuna mlango wala tiketi. Aliye mbele na aliye nyuma wote wameingia bure, na huyu kijana atapanda viti hivi hata kapu likirudi tupu. Lakini hii ndiyo kazi yetu. Nauli tumelipa, ushuru wa mnada tumelipa, na risiti hii hapa. Mwenye buku, mwenye jero, mwenye mia mbili, vyote tutavipokea kwa mikono miwili. Ambaye hana, atupigie makofi, naye tutamshukuru. Kapu linapita sasa. Likimaliza kuzunguka, anapanda."

Kila kipande kina sababu yake. Kusema atapanda hata kapu likiwa tupu kunaondoa hisia ya kulazimishwa, na lazima ahadi hiyo itimizwe hata mkipata mia tano. Kuonyesha risiti kunawaambia nyinyi ni wafanyakazi, na mmeheshimu mji wao. Kutaja mia mbili kunamwondolea aibu mwenye kidogo. Mnada mmoja bibi mmoja alisimama mbele yangu akifungua pindo la kanga kwa meno, fundo lilikuwa limekazwa sana. Nilisubiri. Zilitoka sarafu mbili za mia, akaziweka kapuni moja moja. Nilimpokea kwa mikono miwili kama nilivyoahidi, na waliomzunguka wakaanza kutafuta mifukoni. Kama ningempita kwa haraka, ningewapita wote.

Vikapu viwili viondoke kwa wakati mmoja, kila kimoja nusu duara, vikianzia kwa wazee. Kama asubuhi ulimsalimu mzee anayeheshimika pale mnadani, mkaribishe akae mbele. Akitoa yeye, wengine hufuata. Wapo wanaomtumia mwenzao ajifanye mtazamaji na kutoa elfu tano ya kwanza. Siipendi hila hiyo, na kijijini haidumu, maana watu walimwona akishuka nanyi kwenye basi.

Mbeba kapu awe na sarafu za mia tano za kutosha. Mwenye elfu tano mkononi hawezi kutoa buku bila chenji, na akikosa chenji anairudisha mfukoni. Kibao cha lipa namba kizunguke pia, na mtangaze jina litakalotokea kwenye simu ili mtu asiogope. Anayeishika simu athibitishe kwa kuangalia salio, si kwa ujumbe anaoonyeshwa na mtu mwingine.

Msiseme mna njaa, wala msimtaje mgonjwa. Huruma hulipa mara moja, na safari ijayo watu watapita mbali. Msimkejeli anayeondoka. Msizibe njia.

Kapu likirudi, apande papo hapo. Kila dakika mnayoongeza baada ya hapo inaonekana kama ulaghai.

Akishuka, ngoma ilie kwa nguvu, na vikapu viwe vimeshasimama pale watu wanapotokea, siyo katikati. Mzunguko wa pili huwa mdogo kuliko wa kwanza, lakini ndio wenye noti kubwa.

## Hatua ya 7: Hesabu na gawa siku hiyohiyo

Hesabuni watu wote mkiwepo, mahali pa faragha, kabla ya kula. Vikundi ninavyovijua vilivyokufa, vingi vilikufa hapa. Mfano wa siku ya maonyesho mawili:

Makusanyo 84,000. Nauli ya watano 20,000, chakula 15,000, ushuru 2,000. Jumla ya gharama 37,000, zinabaki 47,000. Mfuko wa kikundi 7,000. Zinabaki 40,000, kila mtu 8,000.

Mgao uwe sawa kwa anayeruka, anayebeba chini, anayepiga ngoma na aliyekaa nje kulinda wezi. Mara nyingi anayepanda viti atataka zaidi kwa kuwa yeye ndiye anayepigiwa makofi. Mweleze kwa utulivu kwamba bila yule anayewaketisha watoto hakuna atakayemwona.

Mfuko wa kikundi uwekwe kwenye laini ya simu ambayo namba ya siri anaijua mmoja na simu anaishika mwingine. Fedha hiyo ni ya matibabu na vifaa tu. Usiazimwe.

## Hatua ya 8: Tumia mnada kupata mialiko

Elfu nane kwa siku haimlei mtu na familia yake, na nisingekuwa mkweli nikikuficha. Kilichonisomeshea watoto ni mialiko: harusi, kipaimara, mahafali za shule, kampeni za afya za halmashauri, uzinduzi wa maduka. Wanaoalika ni walewale waliosimama kwenye duara.

Kwa hiyo andika namba ya simu kubwa kwenye ubavu wa ngoma na mgongoni mwa kila fulana. Mwishoni mwa onyesho taja mara moja kwamba mnapokea mialiko, na muache mtu mmoja asimame pale dakika kumi wakati wengine wanafungasha. Mwalimu mkuu hatakuja kuuliza mbele ya watu. Anasubiri pamepungua.

Kwa mwaliko, elewaneni bei kabla, pokea nusu na nauli ya kwenda, na mwandikiane hata kama ni ujumbe wa simu. Katika miaka hii tisa, mialiko mitatu niliyokubali kwa mdomo tu ndiyo mitatu ambayo sikulipwa.

Usiku, kabla ya kulala gesti, andika kwenye daftari: mnada gani, tarehe, saa mliyoanza, hali ya hewa, makusanyo ya kapu la kwanza, la pili, ya simu, na idadi ya namba mlizopewa za mialiko. Baada ya mizunguko mitatu daftari litakuonyesha ni wapi pa kurudi. Mnada ulioingiza chini ya nauli yake mara mbili mfululizo, na haukuleta mwaliko hata mmoja, uondoeni kwenye ratiba, mjaribu mwingine kwenye barabara hiyohiyo.